Likizo ya Leokadia kwa Bi Tatu

Ninyi mnaoingia kwenye kazi hii sasa, mnaotembea na vitambulisho vipya shingoni kama watu wanaokwenda kupigwa picha, nawaandikia bila kuwabembeleza. Nilikuwa muuguzi wa afya ya akili hapa Sumbawanga mpaka nikastaafu. Waliniita Sista, ingawa sikuwahi kuwa mtawa na nina wajukuu wa kuthibitisha hilo. Katika miaka yote hiyo sikukosa mtu wa kunifundisha kazi yangu. Abiria kwenye basi, shemeji, fundi baiskeli, wote wanajua wazimu unatoka wapi. Asiyejua ni mimi tu niliyeusomea.

Wa kutoka Dar es Salaam walikuwa wabaya zaidi. Mgeni anashuka hapa na kijikoti chepesi, baridi ya Ufipa inamtetemesha, anadhani amerogwa. Alikuja mmoja kutuendeshea semina, akaomba abadilishiwe chumba gesti kwa sababu dirisha lilitazama mti, na amesikia huku watu hutumiana radi. Mtu huyo alikuja kutufundisha namna ya kuondoa imani potofu kwa wagonjwa. Tukala wali wake, tukapewa fulana zenye maandishi makubwa mgongoni, tukarudi wodini. Fulana yangu niliipigia deki kwa muda mrefu. Ilikuwa pamba nzuri.

Aliyenifundisha kweli ni muuguzi mmoja niliyemkuta wodini, Mzee Nsokolo, mtu wa maneno machache na dharau nyingi. Siku zangu za mwanzo nilimfuata mgonjwa kwa nyuma, nikamshika bega. Nilipojikuta sakafuni, Mzee Nsokolo alikuwa amesimama juu yangu na kikombe cha chai mkononi.

"Ulimsalimia?" akaniuliza.

"Bado."

"Basi amekusalimia yeye."

Hilo ndilo lilikuwa somo, wala hakuninyanyua. Tangu hapo nikawa namkabili mtu kwa mbele, namsalimia, nakaa mahali anaponiona mikono. Mpaka leo naona vijana wenye vyeti vya kupendeza wakimrukia mgonjwa kwa nyuma kama wanakamata kuku.

Zamani wagonjwa waliletwa wamefungwa kamba kwenye mkokoteni wa ng'ombe. Siku hizi wanaletwa kwa bodaboda, wamebanwa katikati ya dereva na mjomba. Usafiri umeendelea. Dawa nazo zimeendelea; kuna sindano za kuchomwa mara moja kwa mwezi ambazo sisi hatukuwa nazo. Lakini swali la ndugu limebaki lilelile: "Sista, atapona lini?" Wasilouliza kamwe ni nani atakaa naye mpaka apone. Hilo huwa wamekwisha kulijibu nyumbani kabla hawajafika. Atakaa naye mwanamke fulani. Humjui jina, hakuja hospitali, amebaki anafua mashuka.

Kwa ajili ya mwanamke wa namna hiyo nataka kuwasimulia habari ya Leokadia.

Leokadia ni binti wa wakulima wa Mwimbi. Alikuwa chuo kikuu akisomea ustawi wa jamii, amerudi likizo ndefu, ile ya kipindi cha baridi wakati mahindi yamekwisha kuvunwa na ulezi unapigwa. Alikuja kwangu siku moja nikiwa naota jua ukutani. Nilikuwa nimekwisha kustaafu na sikuwa na hamu ya kuona mwanafunzi.

"Shikamoo, Sista."

"Marahaba. Kama umeleta maswali, nimeyajibu yote tangu zamani."

Alicheka akakaa chini bila kukaribishwa. Akanieleza kwamba mhadhiri wao amewapa utafiti wa kufanya likizoni, kuhusu hali ya akili ya watu wanaouguza wagonjwa nyumbani. Na yeye mwenyewe alikuwa amepata kazi ya muda ya kuuguza, pale mtaa wa Majengo, kwa mfanyabiashara aitwaye Seif, mwenye duka la jumla na malori ya mahindi. Mgonjwa alikuwa Bi Tatu, mama mzazi wa Seif.

Nikamwambia anionyeshe maswali. Sijui nani aliyatafsiri, lakini kama yupo hai ajue nimemtaja vibaya. Moja lilisema: "Ni kwa kiwango gani unahisi mzigo wa kihisia utokanao na jukumu lako la ulezi?"

"Ukimuuliza hivi mama wa Mwimbi," nikamwambia, "atakujibu ndiyo, kwa adabu. Halafu atakuletea kigoda ukae, kwa sababu ataona wewe ndiye mgonjwa."

"Najua, Sista. Ndiyo maana nimekuja. Nimeyaandika upya, nataka usikilize kama yanasikika kama maneno ya watu."

Akayasema bila kusoma. Unalala? Chakula kina ladha? Mara ya mwisho kucheka ilikuwa lini, na ulicheka nini? Ukiumwa wewe, nani anakupikia uji?

Nilitafuta kasoro, kwa sababu ndiyo tabia yangu. Sikuipata. Nikamwambia aende zake kabla sijaanza kumsifu.

Sasa hiyo nyumba ya Majengo. Bi Tatu alikuwa na ugonjwa wa kusahau, ule wa ubongo kuchakaa taratibu. Alificha mchele kwenye viatu, akawaita watu wezi, na kila mchana alifunga kitambaa chake akataka kwenda kwa mama yake, ambaye alikuwa marehemu tangu mkoloni. Daktari aliwaeleza. Seif hakutaka kusikia. Yeye aliamini kwamba mama yake amechezewa na washindani wake wa biashara, na ninyi vijana lazima muelewe kwa nini watu hupenda maelezo hayo. Ubongo kuchakaa hakuna sifa ndani yake, unampata yeyote. Lakini kurogewa mama kwa sababu ya malori, hiyo ni heshima. Mtu anaweza kuisimulia msikitini na kwenye kahawa.

Alikuwapo pia dada yake, Mwanaidi, aliyeolewa Dar es Salaam. Huyu alimuuguza mama yake kwa simu. Kila Ijumaa alipiga, akaagiza mama apewe supu, mama asomewe dua, mama apakwe mafuta. Sikukuu ya Idi alikuja, akamtazama mama kucha za miguu, akasema mbele ya wageni kwamba mama ametelekezwa. Akala pilau, akarudi Dar.

Aliyekata hizo kucha, aliyepika hiyo pilau, aliyekaa kaunta ya duka, aliyemwogesha Bi Tatu huku akiitwa mwizi, ni Rehema, mke wa Seif. Alikuwa mzaliwa wa Chala, binti wa nyumba ya Kikatoliki, akabatizwa Restituta. Alipoolewa na Seif akabadili dini na jina. Kwao wakanuna. Hawakugombana naye, Wafipa wa nyumba ile hawakuwa watu wa kelele. Waliacha tu kuja. Kwa hiyo alikuwa na ndugu lukuki na hakuwa na hata mmoja wa kumshikia mkono bibi wakati yeye anakwenda chooni.

Leokadia alipoanza kazi pale, Seif akawa anatamba: "Mke wangu sasa hana kazi. Tumemwekea msomi."

Msomi mwenyewe aliijua kazi. Chuoni alikuwa amesoma kwamba mtu wa ugonjwa ule habishiwi, na akagundua kwa mikono yake namna ya kutobisha. Bi Tatu akitaka kwenda kwa mama yake, Leokadia alivaa ndala, akamshika mkono, wakazunguka uwanja huku akimuuliza mama huyo anapika nini leo. Wakifika tena mlangoni, Bi Tatu alikuwa amechoka na amesahau safari. Akimwita mwizi, alijibu, "Samahani bibi, nitarudisha." Ninyi wenye kupenda kuwa sahihi, mngebishana na yule mama mpaka jioni.

Lakini msaidizi wa mchana hawezi kulala kwa niaba ya mtu. Bi Tatu aliamka usiku, na aliyeamka naye ni yuleyule.

Baada ya majuma kadhaa Leokadia alimwomba Rehema awe mmoja wa watu wa utafiti wake. Rehema akakubali. Asubuhi moja wakakaa nyuma ya nyumba juani, wanapukuchua maharage. Leokadia akamweleza kwanza taratibu, kama walivyofundishwa: utakayosema ni siri, jina lako halitaandikwa, isipokuwa nikiona maisha yako au ya mwingine yako hatarini. Rehema akaitikia kwa kichwa kama sisi sote tunavyoitikia tukisomewa masharti.

Akajibu maswali vizuri, kwa sauti ya mtu anayetaja bei za vitu. Halali. Chakula hakina ladha. Kucheka hakumbuki. Alipoulizwa nani humpikia uji akiumwa, alitabasamu.

"Sitaumwa," akasema. "Seif ana safari ya Tunduma kufuata mzigo. Akienda nitapumzika."

"Utaenda wapi kupumzika, dada?"

"Siendi popote."

Akaendelea kupukuchua.

Leokadia alimtumia mhadhiri ujumbe, akimwomba ushauri. Mhadhiri akajibu kwa picha ya kidole gumba, na baadaye kidogo akaongeza: "Endelea kukusanya data." Sijui aliusoma au aliupapasa. Mchana huohuo Leokadia akaja kwangu, amevaa kanga ya kazi na mapovu ya sabuni yamekaukia kwenye viwiko.

Alinisimulia yote, kisha akasema, "Niliahidi siri, Sista."

"Uliahidi nini hasa? Niambie maneno yenyewe."

Akaanza kuyasema. Alipofika "isipokuwa" akanyamaza.

"Kumbe unajua," nikasema.

"Najua. Sikusahau. Ninaogopa. Bosi ndiye aliyeniajiri. Nikisema nitafukuzwa, na dada Rehema atabaki peke yake kabisa. Tena alizungumza na mimi kama mtafiti, siyo kama mfanyakazi wa nyumba. Sijui hapa mimi ni nani."

Nilipenda swali hilo, ingawa sikumwambia. Wengi wenu hamjiulizi. Mna kofia tatu na kila ikifika zamu ya kazi ngumu mnavaa ile nyingine.

"Ulimuuliza wazi?"

"Chuoni walisema tuulize. Nikashindwa kulitamka."

"Litamke hapa."

Akalitamka, akaliachia katikati. Nikamrudisha. Mara ya pili likatoka zima. Sikilizeni na ninyi, maana hii ndiyo kazi kuliko yote niliyoandika hapo juu. Wapo watu wazima wanaodhani kwamba ukimuuliza mtu kama anataka kujiua utakuwa umempa wazo. Huo ni uoga uliovaa nguo za busara. Wazo analo tayari. Unachompa ni mtu wa kulisikia. Ukishauliza, usiondoke, usimwache peke yake, kiondoe mbali alichokusudia kukitumia, na mfikishe kwa wataalamu mchana huohuo. Msiseme "usiseme hivyo" wala "mshukuru Mungu." Mungu hajalalamika kwamba hashukuriwi.

Tukaenda wote wawili. Upepo ulikuwa unapeperusha vumbi na makapi barabara nzima. Rehema tulimkuta dukani, nyuma ya kaunta, anafunga sukari kwenye vifuko. Nilikaa kwenye benchi, nikamwachia Leokadia.

"Dada Rehema," akasema, "asubuhi uliniambia utapumzika na huendi popote. Unafikiria kujiua?"

Rehema akafunga kifuko, akachukua kingine. "Kuna mteja," akasema.

Hakukuwa na mteja.

"Nitasubiri aondoke," Leokadia akajibu.

Vifuko vikawa vinafungwa vibaya, sukari inamwagika kaunta. Mwishowe Rehema akaketi juu ya gunia la mchele akasema ndiyo. Akaeleza na namna. Hiyo sitawaambia, haina faida kwa yeyote. Niliingia ndani nikakiondoa alichokusudia kukitumia, sikukirudisha.

Niliporudi alikuwa amekasirika, na hasira ile niliipokea kwa furaha, kwa maana mtu aliyekasirika bado yuko nasi.

"Nilidhani wewe ni wangu," alikuwa anamwambia Leokadia. "Kumbe unanichunguza."

"Mimi ni wako. Ila hili siwezi kulinyamazia, nilikwambia tangu mwanzo. Mume wako lazima ajue. Unataka nimwambie mimi, amwambie Sista, au umwambie mwenyewe na sisi tupo?"

Rehema akasema amwambie msichana.

Seif alikuja kutoka gereji. Alisikiliza akiwa amesimama, anazungushazungusha simu mkononi. Kisha akasema alichosema kila mwanamume niliyewahi kumpokea kliniki.

"Mke wangu siyo chizi. Kachoka tu."

"Hakuna aliyesema chizi," nikamwambia.

"Nimpeleke kule kwa vichaa, Majengo nzima ione? Na kuchoka kwenyewe kunatoka wapi? Nimemwekea msaidizi."

"Bosi," Leokadia akasema, "mimi naondoka jioni. Bibi anaamka usiku. Wewe siku hizi unalala chumba gani?"

Seif alikuwa amehamia chumba cha wageni cha mbele tangu mama yake alipoanza kelele za usiku, kwa sababu eti anahitaji akili timamu kwa ajili ya biashara.

Hapo Bi Tatu akatokea mlangoni, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi. Akamtazama Rehema aliyekuwa analia juu ya gunia. Sidhani alimtambua. Akamgeukia Seif, akamwita kwa jina la marehemu mume wake.

"Wewe," akasema, "umemfanya nini mtoto wa watu?"

Seif akainamisha macho, akachukua funguo za gari.

Sasa msije mkalia hapo, mkasema moyo wake ulibadilika. Mimi nilikuwapo. Alichukua funguo kwa sababu majirani wawili walikuwa wamekwisha sogea hadi kizingitini wakijifanya wanataka chumvi. Aibu ya kukaa ilizidi aibu ya kwenda. Nimewahudumia watu wengi waliofikishwa kwangu na aibu, na dawa iliwasaidia sawasawa na wale waliofikishwa na upendo.

Rehema alikutwa na sonona, ule ugonjwa wa huzuni inayokalia mwili mzima mpaka mtu anashindwa kunyanyua hata mkono wake. Alipewa dawa na mtu wa kuzungumza naye, akaambiwa alale. Lakini alale wapi, nyumba ile? Ikabidi Mwanaidi aitwe kutoka Dar. Mtoto wa kiume haogeshi mama yake mzazi, na Seif hilo alilijua kuliko mambo mengine yote ya dini.

Mwanaidi akaja na begi kubwa na hotuba ndogo. Alisema mama anahitaji upendo tu. Bi Tatu akaupokea upendo wake kwa siku chache, kisha akamwita mwizi mbele ya wateja na kumwagia chai. Nilipita pale nikamkuta amekaa kwenye ngazi, kitenge kimelowa, analia kwa kwikwi.

"Sista," akaniuliza, "hivi Rehema aliwezaje?"

"Hakuweza," nikamwambia. "Ndiyo maana upo hapa."

Nakiri kwenu kwamba siku ile nilitembea kwenda nyumbani nimenyooka mgongo kama kijana. Kwa haki yake lazima niseme hakukimbia. Alikaa mpaka wakapata mwanamke mzima wa kulala na bibi, na tangu hapo huja kila mwaka, wakati wa mavuno ya ulezi, kwa zamu yake ya kumuuguza mama, na simu za Ijumaa amezipunguza.

Leokadia hakufukuzwa. Seif alitaka, ila hakuwa na mwingine wa kumzungusha mama uwanjani. Rehema alipopata nafuu kidogo, Leokadia alimuuliza kama maneno yake ya siku ya maharage yabaki kwenye utafiti au yatolewe. Rehema akasema yatolewe. Akayatoa yote, akaenda Mwimbi kuzungumza na akina mama wengine ili kujaza pengo. Mhadhiri akamwandikia kwamba kazi ni nzuri lakini imekosa kina. Ni kweli ilikosa. Kina chake kilikuwa kliniki kinapata dawa. Alipata alama za kawaida, zile ambazo hakuna anayezitangaza kwenye sherehe. Sasa ameajiriwa, na siku akisimamia wengi wenu mtalalamika kwamba ni mkali.

Mnaniuliza, mkinitembelea, kuhusu msongo wa mawazo. Neno hilo sasa liko mdomoni kwa kila mtu. Kijana bando limekwisha, ana msongo. Sawa, kuweni nao. Lakini mkipewa nyumba ya mgonjwa, msianze na anayepiga kelele. Tazameni jikoni. Muulizeni aliye kimya, mbaki pale mpaka mteja ambaye hayupo aondoke.

Mwaka huu, ulezi ulipokuwa unavunwa, nilikuwa stendi nikimsindikiza mjukuu wangu. Nikamwona Rehema kwenye foleni ya basi la kwenda Chala, na mfuko mdogo begani. Dada yake mkubwa, yule ambaye hakukanyaga kwake tangu arusi, ndiye aliyekuwa amempigia kumwita. Mama mmoja aliyekuwa naye kwenye foleni, mwanamke wa hukohuko, akamuuliza nani amefiwa.

"Hakuna msiba," Rehema akasema.

"Basi unakwenda kuuguza."

"Hapana. Nakwenda kutembea tu."

Yule mama akamkagua toka kichwani hadi miguuni, kama mtu aliyetajiwa jambo la aibu. "Na mkwe wako mgonjwa umemwacha na nani?"

"Yuko na mwanawe," Rehema akajibu, akapanda basi.